Nimeletewa chupa ya "Cape Tawny", nimeinywa kama dompo, imenilaza mkekani. Wajuzi njooni mniambie nimekunywa nini

MtuWaIlazo

Mbukwenyi wakuu.

Nianze kwa kukiri kosa. Waini tamu nilikuwa naidharau. Nina mwaka wa kumi na mbili Dodoma, nimeona dompo, hii waini tamu ya hapa kwetu, ikinyweka kwenye kila harusi, kipaimara na mahafali, na msimamo wangu ulikuwa uleule: waini ni kavu, hiyo nyingine ni juisi iliyochangamka.

Sasa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikwenda kozi ya wiki tatu Cape Town. Karudi na chupa moja ameiviringishia suruali ya jinsi ndani ya begi. Chupa nene, kioo cheusi, kizibo chake kina kofia ya plastiki juu, unakizungusha kwa vidole kinatoka, opena ya nini. Lebo imeandikwa Cape Tawny. Chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi, 19%. Hayo ya sisimizi sikuyasoma.

Ikawa Jumapili, tumetoka ibada, mchana wa Oktoba. Mnaoijua Oktoba ya Dodoma mnaijua: upepo wa vumbi, bati linalia kwa joto, mbwa kajificha chini ya gari. Chupa ilikuwa imekaa juu ya kabati la televisheni wiki nzima. Mke wangu kapika pilau, kuna na mbuzi wa kuchoma. Nikatoa zile glasi kubwa tulizopewa zawadi ya harusi, nikajimiminia mpaka karibu na mdomo wa glasi. Ilikuwa na uvuguvugu kama chai ya saa nne iliyosahaulika mezani, tamu, inateleza. Nikamwambia shemeji hawa wamekuuzia sharubati. Nikaongeza ya pili ili nithibitishe.

Saa tisa na nusu nilikuwa na kikao cha harusi ya mtoto wa jirani. Mweka hazina ni mimi, daftari la michango ninalo mimi. Nilizinduka saa moja kasoro, niko mkekani barazani, daftari nimelifanya mto, simu ina miito kumi na nne. Kwenye kundi la WhatsApp mwenyekiti wa kamati ameandika mstari mmoja tu: "Mweka hazina yuko hai?"

Kwa hiyo nauliza kwa unyenyekevu. Hiki kinywaji ni kitu gani? Chupa bado ina kama theluthi na sitaki kuimwaga, maana nikiwa katikati ya glasi ya kwanza, kabla ya kiza, nilisikia ladha fulani ambayo sijawahi kuikuta kwenye waini yoyote. Nataka kuirudia nikiwa na akili zangu.


KigodaChaMbele

Naweka kigoda. Michango ilikuwa salama?


MtuWaIlazo

Ipo yote mpaka shilingi ya mwisho. Nimepigwa faini ya kreti mbili za soda.


BintiNkuhungu

"Nikaongeza ya pili ili nithibitishe." Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Wanaume mna utafiti wenu.


KauntaYaZamani

Pole mkuu, ingawa umejitakia. Nimesimama kaunta za hoteli miaka 17, Arusha kwanza, halafu hapa mjini, na kisa chako nimekishuhudia kwa wageni wengi wenye tai shingoni.

Piga hesabu na mimi. Glasi ya harusi ikijaa inabeba kama mililita 250. Asilimia 19 ya hapo ni mililita 47 na ushee za kileo kitupu. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kila glasi yako ilikuwa bia mbili kasoro kidogo. Wewe umekunywa karibu bia nne kwa muda wa sahani moja ya pilau, kwenye joto, na utamu umekufichia ukali. Hata ng'ombe angelala.

Hiyo ni waini iliyoongezwa nguvu, jamii ya ile inayoitwa Port, na ukoo wake unatoka Ureno, bonde la mto Douro. Zabibu zinakamuliwa, kuna mashamba ambayo mpaka leo watu wanaingia miguu mitupu kwenye mabirika ya mawe na kuzikanyaga, juisi inaanza kuchacha. Kwenye waini yako kavu hamira inaachwa kula sukari yote mpaka iishe. Hawa wanaikatisha. Sukari ikibaki kama nusu, wanaingiza spiriti ya zabibu yenye asilimia 77, sehemu moja kwa kama nne za ile juisi inayochacha. Hamira haiwezi kuishi kwenye ukali huo. Sukari ambayo ilikuwa haijaliwa inabaki palepale ilipo. Kwa hiyo utamu uliousikia hakuna aliyeutia kwa kijiko. Ni wa zabibu yenyewe, umekatishwa safari.

Jina lako la Tawny sasa. Kuna Ruby, hii inakaa muda mfupi kwenye matangi makubwa, inabaki nyekundu na ladha ya matunda mabichi. Tawny inakaa miaka kwenye mapipa ya mbao, hewa inapenya kidogokidogo, wekundu unafifia, inageuka rangi ya kutu. Ukikutana na ya Ureno imeandikwa 10, 20, 30 au 40, hiyo ndiyo miaka ya pipani, ingawa inachanganywa na umri ni wa wastani. Halafu kuna Vintage, hiyo ya mwaka mmoja uliokuwa mzuri, inawekwa kwenye chupa mapema na kuzeekea humo, inaacha machicha chini, usiitingishe.

Wapo watakaokwambia umeuziwa feki kwa sababu lebo haijaandikwa Port. Si feki. Jina hilo ni la Wareno, limelindwa, linatokana na mji wa Porto. Afrika Kusini walikuwa wakilitumia, wakakubaliana na Umoja wa Ulaya waliache, ndiyo maana sasa wanaandika Cape Ruby, Cape Tawny, Cape Vintage. Njia ya kutengeneza ni ileile. Mji wao mkuu kwa kazi hiyo ni Calitzdorp, ndani kwenye nusu jangwa ya Klein Karoo. Ukame mtupu. Mgogo akishuka pale anaweza kuuliza njia ya Kongwa.

Kuinywa: iweke frijini nusu saa. Ukisoma mahali "inywewe kwenye joto la chumba", ujue chumba kinachosemwa ni cha Ulaya wakati wa baridi, sebule yako ya bati haihusiki. Glasi ndogo, mililita 60 hadi 75, usijaze, acha nafasi ya harufu. Na ije baada ya chakula. Mbuzi mwache amalize shughuli zake kwanza.

Chupa iliyofunguliwa haijaharibika. Tawny imezoea hewa tangu pipani, ukiifunga vizuri na kuiweka frijini inakaa hata wiki nne. Ingekuwa Ruby ningekwambia wiki mbili, Vintage siku mbili tatu.


MtuWaIlazo

Mkuu, hili ni darasa. Hapo kwenye "umekatishwa safari" nimesimama kidogo. Ina maana miaka yote nilikuwa nagombana na utamu bila kuuliza umetoka wapi.


Mpenda_Moto

Sasa si rahisi tu? Unachukua dompo yako, unamimina konyagi humo, unakoroga. Port ya Chang'ombe hiyo.


KauntaYaZamani

Mpenda_Moto, utapata kitu cha kukulewesha, hilo sikatai. Ila waini hiyo imeshamaliza kuchacha na konyagi haitoki kwenye zabibu. Ladha zitakaa kama watu wawili waliogombana kwenye kiti kimoja cha daladala. Spiriti inatakiwa iingie wakati juisi bado inachemka kwa uhai, halafu vikae pamoja miezi, miaka, mpaka usijue kipi kilimkuta mwenzake.


Mpenda_Moto

Na ya kupika mwenyewe je? Pumba za zabibu zipo bure kabisa wakati wa mavuno.


MuuguziZamuYaUsiku

Kaka, hapo kwenye "kupika mwenyewe" acha kabisa. Gongo ni kosa kisheria, hilo moja. La pili, mapishi ya kienyeji hayajui kutenganisha methanoli, na pumba za matunda ndizo zinazoitoa zaidi. Inaanza na kuona ukungu, inaishia na upofu au kaburi. Nimekaa wodini na watu wa hivyo, si hadithi ya kusimuliwa.


Mpenda_Moto

Nimesikia dada. Nilikuwa natania nusu.


MuuguziZamuYaUsiku

Ni ile nusu nyingine ndiyo inanitisha.


PipaTupu

Naomba nipite na jambo langu dogo, mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sinywi. Mnashangaa waini ya Wareno kana kwamba ni mgeni wa jana. Neno mvinyo tumelipata kwao, wanasema "vinho". Meza tunayoiwekea glasi ni "mesa" yao. Na pipa ni "pipa" vilevile, hata herufi haikubadilika. Huko Douro mpaka leo wanahesabu mvinyo wao kwa pipa, na pipa moja ni kama lita 550.

Walikaa pwani yetu karne mbili, Fort Jesus pale Mombasa walianza kuijenga mwaka 1593. Mwaka 1698 Waomani wakawatoa. Miaka mitano baadaye, 1703, Ureno wakatiliana saini na Uingereza mkataba uliopunguzia mvinyo wao ushuru kule London. Waingereza walikuwa wanagombana na Wafaransa, wanatafuta pa kununua. Safari ya meli ilikuwa inaharibu mvinyo, wafanyabiashara wakawa wanatia brandi kidogo ili ufike salama. Tabia ya kutia spiriti ikakua na kukolea humo. Ulaghai ulipozidi, mwaka 1756 serikali ya Ureno chini ya Marquis wa Pombal ikachora mipaka ya eneo linaloruhusiwa. Ni moja ya mipaka ya kwanza duniani kuchorwa kwa ajili ya mvinyo.

Kwa hiyo mweka hazina, ulipolala mkekani ulilazwa na watu tunaowafahamu.


BintiNkuhungu

Mwalimu hanywi ila historia ya pipa anayo yote. Nyie ndio huwa mnatusahihisha "waini" na "mvinyo" kwenye mitihani.


PipaTupu

Andika mvinyo. Ukiwa kaunta sema waini, la sivyo mhudumu atakuletea menyu ya hoteli ya nyota tano.


MtuWaIlazo

MREJESHO, Jumatano usiku.

Nilipanga kuiweka frijini nusu saa kama nilivyoelekezwa. Nimetoka kazini Mtumba, nimefika nyumbani, umeme hakuna. Mama mkwe yuko kwetu wiki hii, akaniangalia ninavyozunguka na chupa mkononi, akaniambia leta gunia. Gunia likachovywa kwenye ndoo, likakamuliwa kidogo, likafungwa kwenye chupa, chupa ikasimamishwa dirishani upepo unapopita. Upepo wa Dodoma mnaujua ulivyo mkavu. Dakika arobaini baadaye chupa ilikuwa ya baridi kama imetoka mtungini. Mama mkwe mwenyewe hanywi kileo, ila alikuwa na furaha ya mtu aliyemzidi fundi wa frij.

Glasi ndogo zenye tumbo sina. Nimetumia istikani ya kahawa, nimejaza theluthi mbili, ni kama mililita 60.

Rangi kwanza. Nimewasha tochi ya simu nyuma ya istikani. Katikati ni chai ya rangi iliyokolea. Ukiinamisha, ukingo wake unakwenda kwenye kutu, ule umanjano wa maji yaliyolala kwenye tangi la chuma. Jumapili niliinywa yote na sikuwahi hata kuitazama.

Harufu. Nimepeleka pua kwa pupa, spiriti ikanipiga machoni. Nikaweka chini, nikasubiri, nikarudi polepole huku mdomo uko wazi kidogo. Korosho. Korosho iliyokaangwa ikaungua upande mmoja. Baadaye ganda la chungwa, lile linaloanikwa dirishani mpaka likakunjamana. Nikamwita mke wangu anuse bila kumwambia kitu. Akanusa mara mbili, akasema: "Inanuka sanduku la bibi." Nikataka kubisha, nikanusa tena, na kweli: mbao ya zamani, nguo zilizokunjwa, kitu kitamu kilichofichwa humo siku nyingi.

Ladha sasa. Nimechukua kidogo, kijiko kimoja hivi, nikakiacha juu ya ulimi. Mwanzo ni sukari guru na zabibu kavu. Nikasubiri ule utamu wa kukwama kooni, wa soda iliyochemka, haukuja. Kuna uchachu unapita chini yake, kama ukwaju kwa mbali, ndio unaoubeba. Pembeni ya mashavu panakauka kidogo, kama ukila zambarau, ila hafifu sana, zambarau aliyestaafu. Halafu nikameza, kifua kikapata moto, nikadhani yameisha. Hayakuisha. Bodaboda imeanzia kona ya dukani, imepita mtaa mzima na kuishia barabara ya lami, bado nasikia ile korosho. Hiyo ndiyo ladha niliyoigusa Jumapili kabla sijapotea.

Vya kutafuna: karanga za chumvi, za kukaanga kwenye mchanga, hizo zimekubaliana nayo kama ndugu. Jibini gumu la Njombe, zuri, chumvi yake inaifanya waini ionekane ya matunda zaidi. Ubuyu usijaribu. Baada ya ubuyu waini yote ikawa shira. Chokoleti ya mtoto niliiba kipande kimoja, sikuona faida ya wizi.

Nimekunywa istikani moja na nusu kwa saa nzima. Daftari la michango nilimkabidhi mke wangu kabla sijaanza.


KauntaYaZamani

"Zambarau aliyestaafu." Mkuu, mimi nilifundishwa kuonja na watu wenye vyeti, walisema tini na karameli, wateja wa hapa wakawa wananitazama tu. Tini nani kaila? Ungekuja kunifundishia kaunta.


SukariIpo

Wakuu, mimi nina kisukari, natumia vidonge. Huu uzi unanitesa. Istikani moja haiwezi kunidhuru kweli?


MuuguziZamuYaUsiku

Waini za aina hii huwa na kama gramu 100 za sukari kwa lita, kwa hiyo mililita 60 ni gramu 6, kijiko kimoja cha chai na nusu. Soda ya chupa ina zaidi mara kadhaa. Lakini kwako tatizo si sukari peke yake, kileo chenyewe kinaweza kuishusha sukari yako saa kadhaa baadaye ukiwa usingizini, na kuna dawa zisizopatana nacho. Ongea na daktari wako wa kliniki, mtajie jina la dawa. Na usinywe tumbo tupu.


SukariIpo

Asante dada. Ntanusa tu kwanza.


MisimuMiwili

Nimechelewa, nilikuwa shambani. Mimi ni mkulima wa zabibu, Hombolo. Nimeusoma uzi wote na nina maneno.

Mnapolinganisha Calitzdorp na kwetu kwa ukame, sawa. Ila kuna tofauti moja kubwa. Kule kuna baridi kali, mzabibu unaangusha majani na kulala wenyewe. Wa Dodoma haulali. Unalazwa kwa mkasi. Ukipogoa, unaamka, na miezi minne hadi mitano baadaye unavuna. Ndiyo maana tunavuna mara mbili, Februari na Machi, halafu tena Agosti na Septemba. Mgeni akisikia mavuno mawili anatoa macho, anadhani tuna bahati. Mavuno mawili ni gharama mbili. Dawa mara mbili, vibarua mara mbili.

Na mavuno hayafanani. Ya wakati wa mvua yanasumbuliwa na ubwiri, unapiga dawa leo, mvua inaosha kesho, na tunda lenyewe limekunywa maji. Ya kiangazi ndiyo zabibu. Unachuma asubuhi na mapema, vidole vinanata mpaka mkasi unagoma kufunguka, nyuki wamekuzunguka. Ukiweka tone kwenye kipima sukari mwenyewe unacheka. Zabibu ya aina ya Makutupora nyekundu, ya Agosti, ina rangi, ina sukari. Kwa jicho langu, hiyo ndiyo ya kukatishwa safari kama mnavyosema.

Nimewahi kumwambia hivyo mnunuzi mmoja. Akanijibu sukari ikizidi yeye anaongeza maji, ikipungua anaongeza sukari, tatizo liko wapi. Niliondoka.


MtuWaIlazo

MisimuMiwili, karibu sana. Sasa baada ya ile Jumatano nilifanya jambo ambalo sijalifanya miaka kumi na miwili. Nimekwenda dukani nimenunua waini tamu ya hapahapa Dodoma, jina naliacha, nikaipa heshima ileile. Gunia la maji, istikani, tochi ya simu.

Nasema kwa haki: si ya kudharauliwa. Inanuka zabibu mbivu, ile ya kwenye sahani za akina mama pembeni ya barabara mchana wa jua, na zambarau, safari hii kijana. Mdomoni inaanza vizuri. Shida yake ni mkia. Utamu unafika wote kwa pamoja mbele ya ulimi halafu unaondoka wote kwa pamoja, bodaboda haijawasha hata injini. Ile nyingine ilikuwa na mbao na muda.

Kwa hiyo swali langu kwako wewe mwenye shamba: nini kinatuzuia? Zabibu ipo, jua lipo, ukame upo. Tuweke mapipa kumi pale Hombolo, tuyaache miaka saba.


MisimuMiwili

Umeuliza vizuri, nami nitakujibu kikulima.

Spiriti ya zabibu ya asilimia 77 kwanza uipate. Mimi siruhusiwi kuipika, na nikiruhusiwa sina mtambo. Mapipa ya mwaloni yanatoka ng'ambo, hapa mti huo hauko. Na pipa kwenye joto letu linapumua kuliko kule Ureno kwenye magodauni ya mtoni Gaia, ng'ambo ya Porto, kila mwaka unapoteza sehemu hewani, hivyo inahitajika nyumba ya kuta nene au shimo.

Hayo yote mwenye fedha anaweza kuyamaliza. Lisiloisha ni moja. Mimi zabibu zangu za Agosti nimezikabidhi, na malipo ya mwisho nilikuwa nayasubiri Desemba. Unajua kinachokuja baada ya Desemba. Umesema miaka saba. Ada ya Januari haiwezi kusubiri pipa.


KigodaChaMbele

Kigoda changu kimepata msumari hapo.


KauntaYaZamani

Ni kweli, na hata Wareno wenyewe mkulima mdogo wa Douro kwa kawaida hahifadhi. Anauza zabibu au mvinyo mchanga kwa nyumba kubwa, zile ndizo zenye mtaji wa kukaa na mapipa. Lakini Ruby haihitaji miaka saba, mkuu. Miaka miwili mitatu kwenye tangi, inatosha. Ningekuwa na kiwanda ningeanzia hapo, na zabibu za kiangazi tu.


MisimuMiwili

Hapo sasa tunaongea. Ukikipata hicho kiwanda, nitafute. Ila unilipe siku ya mzani.


MtuWaIlazo

MREJESHO wa mwisho, chupa imeisha.

Jumamosi baba mkwe amekuja kutoka Mvumi kumfuata mama. Mzee ana miaka themanini na kitu. Ujana wake alifanya kazi misheni, na divai ya altare aliionja, anasema kwa ruhusa. Nikaona huyu ndiye mwamuzi. Zilikuwa zimebaki istikani mbili, yangu na yake. Nikampa kwa mikono miwili, nikamweleza habari yote: Ureno, Cape Town, zabibu kukatishwa safari, miaka kwenye pipa la mbao.

Akaishika istikani, akaitazama kwenye mwanga wa mlango bila kuambiwa na mtu. Akanywa kidogo. Akakaa kimya mpaka nikadhani haijampendeza. Akanywa tena, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Baba, unaionaje?"

"Ni nzuri." Kimya tena. "Umesema imekaa pipani miaka mingapi?"

"Muuzaji kamwambia shemeji ni miaka kadhaa, baba. Mitano, sita."

Mzee akanitazama kama ninavyotazamwa nikichelewa kumletea kiti.

"Miaka sita. Na huyo mlinzi aliyekuwa analala na pipa alikuwa haonji?"

Nimeshindwa kumjibu. Chupa mama mkwe kaichukua, kasema kizibo chake ni kizuri kwa asali.